Uji wa Saa Moja Asubuhi

Baba yangu alikuwa mtundika mizinga. Kule kwetu, milima ya Kibakwe, alichonga mizinga ya magogo, akaipaka nta ndani, akapanda nayo mtini kwa kamba, kisha akashuka na kwenda zake kama mtu aliyesahau kitu chake huko juu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mzinga ukishatundikwa, usiuzoee. Nyuki waje wenyewe, wakae wenyewe, wewe uonekane siku ya kurina asali.

Mimi nilikuwa mchunga mbuzi, na mchunga mbuzi hana wa kuongea naye kutwa nzima. Mbuzi wanasikiliza lakini hawajibu. Kulikuwa na mzinga mmoja uliotundikwa chini chini, kwenye mti ulioinama, nami nikawa napanda kila siku kuweka sikio. Mlio wa nyuki kwa ndani ni kama wazee wanaojadili posa chumbani: husikii neno, lakini unajua watu wamo. Siku nyingine niliwasalimia kabisa. Basi siku moja nikaweka sikio, kimya. Nikagonga, kimya. Baba alipokuja hakunichapa, ingawa gome la mti ule lilikuwa limeng'aa kwa nyayo zangu na kila mtu angeweza kujua. Alichungulia tundu, akasema, "Hawana ugomvi na sisi. Wameondoka tu."

Sijui kwa nini naanzia huko. Nilikusudia kuandika habari za nyumba. Shule niliishia darasa la nne, na hata hayo manne nusu yake tulikuwa shambani kwa mwalimu tukipalilia karanga, kwa hiyo jembe nalijua kuliko kalamu. Anayesoma anivumilie nikipinda.

Nilishuka milimani nikiwa kijana, miaka ile ya vizuizi barabarani, mahindi yakitembea kwa kibali kama mtu mwenye kesi. Halafu ikaja ruksa, kila mtu auze anakotaka, na Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, ikafumuka. Malori yakapanga foleni, madalali wakaota kama uyoga, na mimi nikapata kazi ya kushona magunia. Unapewa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa katani, unafunga mdomo wa gunia, unalipiga kofi, makuli wanalibeba. Kazi ile inakula vidole, lakini ina watu. Kutwa unataniwa, unatukanwa, unaamkiwa. Hukai kimya hata kwa muda wa kumeza mate.

Mke wangu nilimpata palepale. Alikuwa akiwauzia makuli uji wa uwele, anausaga mwenyewe, anautia ukwaju kidogo na karanga zilizotwangwa. Watu walisema nimeoa uji. Hawakukosea sana. Nilimwambia nataka kumwoa wakati nimeshika kikombe, naye akajibu, "Rudisha kikombe kwanza, wenzako wanangoja."

Yeye ndiye aliyetaka kiwanja. Wakati huo nilikuwa nimepanda cheo, ni dalali wa mahindi, na yeye akasikia kuna mashamba yanauzwa Dodoma, upande wa Chimwaga. Kulikuwa pori. Wenzangu sokoni walisema nitapangisha fisi, na kwamba fisi halipi mapema. Tukanunua. Tukajenga kidogo kidogo, msimu wa mahindi mazuri kozi mbili za tofali, msimu mbaya hakuna kitu. Hatukujenga ya kuishi, tulijenga ya kupangisha, iwe mlo wetu wa uzee. Ila mke wangu alisisitiza baraza iwe pana. Fundi akamwambia saruji inapotea bure. Akamjibu kwamba mzee wake atakaa hapo, wapangaji wakitoka wamkute, wamwamkie. Alinijua. Alijua kwamba mimi nisipoamkiwa asubuhi siku yangu haianzi, nakaa kama injini isiyopigwa stati.

Alifariki bati likiwa limeezekwa upande mmoja. Hakulala humo hata siku moja. Nikamaliza mwenyewe, nikahamia kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba ile kubwa, mimi na kinu chake na jiwe lake la kusagia.

Chuo kikaja, fisi wakaondoka, wakaja wanafunzi. Wanane, vyumba vinne. Hao walikuwa na kelele, walichora ukuta, waliunguza sufuria zangu tatu. Lakini asubuhi wakipita barazani mmoja mmoja, "Shikamoo babu," nami "Marahaba." "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu, leo umechelewa." Marahaba nane kabla jua halijakolea. Mtu anaweza kuishi kwa hizo. Niliwapikia uji kwa jiwe la marehemu na hawakuniomba, mimi tu.

Tuna mtoto mmoja, binti, yuko Dar es Salaam, anafanya kazi ofisini. Wale wanafunzi walipomaliza akaja na simu yake pana akasema nyumba hii inapotea. Watumishi wa serikali wanahamia Dodoma, watu wa semina wanakuja siku mbili, siku tatu, wanatafuta nyumba kwenye mtandao. Unaweka picha, mtu aliye Mwanza anaiona, anailipia, anakuja. Hakuna dalali. Nikamwambia mimi ni dalali. Akacheka, akasema, "Ndiyo maana nakwambia wewe, baba."

Akaleta fanicha, mapazia, vitanda vyenye magodoro kama mikate. Akapiga picha. Kwenye baraza akaniomba nisogee kidogo. Nikasogea. Akasema bado kivuli changu kinaonekana. Nikaenda kusimama uani. Kigoda changu nacho kikanifuata huko. Nilikuja kuziona zile picha kwenye simu yake: nyumba nzuri, safi, kama ambayo haijawahi kuwa na mtu. Ukutani karibu na mlango akapigilia kisanduku chenye namba, ufunguo unakaa ndani. Mgeni anatumiwa namba, anafungua mwenyewe. Tangu siku hiyo mfuko wangu wa suruali ukawa mwepesi, nikawa najipapasa.

Sasa kosa langu ni hili, nalikiri. Kwetu mgeni haingii nyumba ikanyamaza. Akifika, unamwendea, unampa maji, unamuuliza habari za huko atokako, watu wazima, mvua ikoje, ndipo anakuwa amefika. Usipofanya hivyo umemfukuza. Basi mgeni wa kwanza alipoingia nikasubiri kupambazuke, nikasaga uwele, nikapika uji, nikautia kwenye chupa ya chai, nikapiga hodi. Alitoka bwana mmoja na taulo shingoni. Akanyoosha mikono miwili akapokea kikombe, akasema shikamoo mzee. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza habari za Shinyanga, alikotoka. Nikamweleza za uwele, namna ndege wanavyoumaliza, nikafika mpaka kwa wale makuli wa Kibaigwa. Alikuwa anatazama saa, nami nikadhani anaipenda saa yake.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, mke na mume, walifungua dirisha tu. Niliwapitishia kikombe kwenye nondo.

Wiki hazikupita nyingi, binti akapiga simu. Kumbe mgeni akiondoka anaandika maoni na anatoa nyota, kama mwalimu anavyotia vyema. Akanisomea. Nyumba safi, maji yapo, kitanda kizuri, ila kuna mzee anakuja bila kuitwa. Mwingine: ila kuna mzee. Mwingine hakuandika kitu, alipunguza nyota tu.

"Baba," akasema, "watu wanalipa ili wawe peke yao."

"Hata asubuhi?"

"Hasa asubuhi."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, mimi si mbishi. Nikaacha. Nikawa nakaa chumbani kwangu, na ukuta wangu ndio ukuta wa jikoni kwao. Nasikia maji yanafunguliwa, kijiko kinagonga kikombe, mtu anacheka peke yake na simu. Nasikia kisanduku kinafunguka, mlango, gari linaondoka. Siku zikawa zinapita tangu Jumatatu mpaka Ijumaa sijamjibu mtu marahaba. Jumapili kanisani nilijibu moja kwa sauti kubwa mno, mama mmoja akageuka. Nilishangaa sauti yangu imekuwa ya mtu mwingine, kavu, kama ya redio ya jirani. Hofu yangu haikuwa kufa, watu wa umri wangu tumeshakubaliana na hilo. Niliogopa niwe nimeshaondoka na mimi mwenyewe sijaambiwa.

Halafu akaja mama mmoja. Mtu mzima, mjane, alikuja kufuatilia faili la marehemu mumewe ofisini, akachukua nyumba wiki nzima kwa sababu faili lilikuwa linatafutwa. Siku ya pili nikasikia hodi mlangoni kwangu. Kwangu, chumba cha uani. Nilikaa kidogo nikidhani ni redio. Akasema, "Shikamoo kaka. Samahani, naomba chumvi."

Nilimpa chumvi yote, pakiti nzima.

Nikamwambia nimekatazwa kumsumbua. Akauliza nani amenikataza, nikamwambia mwanangu. Akasema, "Basi mimi nimekuja kukusumbua wewe, hilo hajalikataza." Wiki ile nilisaga uwele kila siku. Alikuwa anakaa kwenye kinu kilicholazwa, mimi kwenye kigoda, anaeleza ofisi alizoingia, dirisha namba ngapi, nani alimwambia aje kesho. Nami nikamweleza za mke wangu na kile kikombe. Aliomba kusaga mwenyewe, akashindwa, akacheka akasema marehemu mke wangu alikuwa na mabega. Faili likapatikana, akaondoka siku ya Jumamosi. Alinishika mkono akasema ataniandikia maneno mazuri.

Akaandika. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Binti alipiga simu sauti imechangamka, sijamsikia hivyo tangu harusi yake. Mama yule ametoa nyota zote. Ameandika kwamba hapa kuna mzee mkarimu, anakupikia uji wa uwele wa asili, unajisikia uko kwa baba yako. Watu wameupenda uji. Wanauliza. Binti ameuweka kabisa kwenye orodha, pamoja na maji ya moto na maegesho: uji wa uwele, saa moja asubuhi. Tena nimrushie picha yangu, niwe nimevaa ile kofia yangu ya kanisani.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya. Jioni ile nilifua kofia.

Kwa hiyo nikarudi barazani, safari hii kwa ruhusa. Saa moja kamili, chupa na vikombe. Mwanzoni wakawa wanatoka. Walipiga picha uji, wakanipiga na mimi, wakasema geuka kidogo mzee, jua. Wengine hawakutoka, waliniambia kupitia mlangoni niache hapo. Mmoja aliuliza kama unaweza kuja bila karanga. Mwingine aliandika kwamba uji ulichelewa. Kweli ulichelewa, nilikuwa na homa. Binti hakunigombeza, aliniuliza tu kama tutafute mtu wa kunisaidia kuupika, mimi niwe napeleka. Au aupeleke huyo mtu na mimi nipumzike, picha ipo.

Nilifikiri sana juu ya hilo neno, picha ipo.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Upepo wa Dodoma unajulikana, vumbi lilishaanza. Nilipiga hodi. Bwana wa makamo, shati limepigwa pasi, alifungua na simu sikioni. Alinionyesha kiganja, subiri, kisha akaonyesha meza. Nikaingia, nikaweka chupa, nikaweka kikombe juu ya kitambaa. Ile ndiyo meza iliyo mahali ambapo mke wangu alisema tutaweka kabati la vyombo. Nikasimama kama ninavyosimama siku zote, muda ule mfupi mtu anapokumbuka adabu. Na mdomo wangu, kwa mazoea, ukatangulia.

"Marahaba," nikasema.

Akaondoa simu sikioni. "Unasemaje, mzee?"

"Nimesema uji ni wa moto."

"Sawa sawa," akasema, akarudi kwenye simu.

Nikatoka. Chumbani kwangu sikuingia, maana ningeingia ningekaa. Kofia nilikuwa nayo kichwani, nauli ya kwenda Kibaigwa ilikuwa mfukoni, ile ya kufuatia uwele mwingine. Nikapita kisanduku, nikapita geti. Sikuwa na ugomvi na yule bwana, wala na binti yangu, tunaongea mpaka leo kwenye simu na ananiita vizuri tu. Nikafika barabara ya lami, nikasimama upande wa magari yanayokwenda sokoni. Nyuma yangu chupa ilikuwa bado juu ya meza, kifuniko nimekibana vizuri.

Sijarudi tena.