Kete ya Bibi Bridget

Vaileth hulala kazini siku sita, huko Wheaton, Marekani, kwa bibi mmoja aitwaye Bridget ambaye amepoteza kumbukumbu. Mlango wao hufunguliwa kwa namba, maana bibi hutoroka. Vaileth anazijua namba hizo, lakini naye hatoki. Siku yake ya kutoka ni Jumapili. Binti wa bibi humpokea zamu, na Vaileth huja kwangu Lanham kumwona mwanawe Queen, wa miaka miwili, ninayemlea pamoja na Ethan wangu. Jumapili mbili mfululizo binti hakutokea. Queen ameanza kuniita mama.

Jumapili ya tatu simu ililia asubuhi.

"Mama Ethan, nimeharibu."

Bibi ana kete moja, gamba la konokono mdogo wa baharini. Haiachii hata akiogeshwa. Vaileth aliiona imegandwa na losheni, akailoweka kwenye siki usiku kucha, kama anavyosafisha birika. Ikatoka imefifia, inakwaruza kama chaki. Bibi aliishika akaitupa. Eti si yake! Analia tangu hapo.

"Siki, Vaileth? Siki inakula kete!"

"Sisi wa Singida tutajulia wapi? Konokono wa kwetu wanakula mchicha tu. Binti amesema sitoki mpaka bibi atulie."

Mimi ni wa Tanga. Kete akiwa hai hutoa nyama yake na kulifunika gamba lote kwa nje, ndiyo maana linang'aa vile. Nilikuwa nayo moja dirishani, nimetoka nayo nyumbani. Nikaitia mfukoni, nikawachukua watoto, tukapanda mabasi mawili.

Binti alitufungulia, funguo za gari mkononi. Nikamwekea bibi kete kiganjani. Akaisugua shavuni, akanyamaza. Vaileth akakimbilia viatu. Alikuwa ameshavaa kimoja bibi alipomkamata aproni na kuanza kulia upya.

"Kaa naye leo tu," binti alisema.

Vaileth alimtazama Queen, aliyejificha nyuma ya sketi yangu. Akakivua kile kiatu.

"Mama Ethan, msisimame mlangoni. Ingieni."

Binti akafungua mdomo.

"Wanakaa na mimi," Vaileth akamwambia, "au navaa vyote viwili."

Binti akatupita, akaenda garini. Mlango ukajifunga nyuma yetu, ukalia pii. Queen alizunguka chumba kizima kwanza, kisha akapanda mapajani kwa mama yake, akanyoosha mkono kwa bibi kuomba kete.

Bibi akamnyima.