Dawa ya Kupunguza Kinga

Dada yangu alikuwa fundi cherehani pale Mabatini. Alipoanza kuharisha damu tulimpa dawa za amiba, tukampa za taifodi, naye akazidi kukonda. Hospitali walipomwingizia kamera tumboni, daktari alituonyesha picha: utumbo mpana umejaa vidonda.

"Hakuna mdudu hapa," alisema. "Ni kinga ya mwili wake. Imeuona utumbo kama adui, inaushambulia."

Akamwandikia vidonge vya kuipunguzia makali kinga hiyo. Alitusisitizia asiviache hata akijisikia nafuu.

Sasa, nani katika mji huu hajui kinga ikishuka kinachofuata? Baba mdogo tulimzika kwa UKIMWI, na kila semina, kila bango lilitufundisha tulinde kinga. Mama alikuja kutoka Magu na mchele wake, akasikia, akaketi pale pale sakafuni.

"Wanampunguzia kinga mwanangu ili iweje?"

Mimi ndiye niliyesoma katika familia yetu, na ujuaji wangu hauniishi. Sikurudi kwa daktari kuuliza. Nilikwenda sokoni nikanunua unga wa mlonge, ule wanaosema unapandisha kinga, nikamwambia dada aachane na vile vidonge.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Kabisa."

Aliniamini. Kila asubuhi alikoroga unga ule kwenye uji, akaunywa huku amekunja uso, akinitania kwamba namlisha majani kama mbuzi. Uso uliokuwa umevimba kwa vile vidonge ulinywea, tukasema anapona. Mwezi haukuisha damu ikarudi, nyingi kuliko mwanzo, na tumbo likawa gumu. Walipompasua, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Aliishi siku mbili.

Daktari aliniuliza kama alikuwa anakunywa dawa zake. Nilisema ndiyo. Aliandika jibu langu kwenye faili, akanipa pole. Nilijichukia, na bado najichukia.

Kwenye matanga Mama aliwaambia ndugu kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vilivyommaliza binti yake. Kisha akanishika mkono mbele ya wote.

"Huyu peke yake ndiye aliyejaribu kumwokoa," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Ndugu wote walikuwa wananitazama. Nikaitikia, "Amina, Mama."