Hambaga ya Kagoma

Ilikuwa miaka ya ujamaa, sukari kwa kibali na ngano kwa bahati, nami nilikuwa mwalimu kijana wa Bukoba mwenye maneno mengi kuliko mshahara. Nilitaka kuoa. Binti alishakubali, baba yake alishakubali; alibaki shangazi yake, mjane wa kule Muleba, ambaye bila neno lake posa isingepokelewa. Siku niliyokwenda kujitambulisha nikajitia ujuaji, nikamwambia kwamba chuoni nilizoea kula hambaga. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeiona kwenye picha.

"Basi na mimi nile," akasema.

Pale Kagoma, huko huko Muleba, kulikuwa na hoteli ndogo ya bati. Mwenyewe aliwahi kuwapikia wazungu Kampala, na mlangoni aliandika kwa chaki: HAMBAGA IPO. Jumamosi moja ya Novemba nikamkaribisha shangazi. Alikuja amevaa nguo za kanisani, akaketi wima kama anayesubiri kupigwa picha.

Zikaletwa sahani mbili. Hambaga yenyewe ilikuwa andazi la unga wa muhogo lililopasuliwa katikati, ndani limeshindiliwa kitu cha kahawia chenye vitunguu. Nikauma. Ikaalika mdomoni. Nikachomoa kiguu chembamba katikati ya meno, nikakijua mara moja. Senene, wale panzi wetu wa kukaanga!

Nikamwacha shangazi akitafuna, nikamfuata mpishi jikoni.

"Nyama iko wapi?"

"Mwalimu, bucha haijachinja tangu Jumanne. Senene ndio wamejaa. Kwani hambaga si kitu cha kusaga? Nimesaga."

Kwa mila yetu, mwanamke huwakamata senene, huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, kisha humtengea mume. Yeye haonji. Wasichana wa shule walishaanza kuipuuza mila hiyo, lakini shangazi alikuwa mtu wa zamani, nami nilikuwa nimemlisha mwiko. Nikarudi mezani nikitafuta namna ya kumpokonya sahani kwa heshima.

Sahani ilikuwa tupu.

"Mwambie alete nyingine," akasema.

"Shangazi, waitu," nikaanza kwa neno letu la heshima, "nisamehe, sikujua. Mle ndani ni..."

"Ni hambaga," akanikatiza.

"Lakini ndani yake..."

"Mwanangu, nimekaanga senene tangu nikiwa msichana. Unadhani siijui harufu yao? Niliwajua kabla sahani haijafika mezani." Akainama karibu yangu. "Waliotukataza walitaja senene. Hambaga hawakuitaja."

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Ile ya pili aliila polepole, akisimulia.

"Marehemu mume wangu alikuwa akimaliza bakuli zima mbele yangu, mimi nimepiga magoti. Anafumba macho, anatafuna. Miaka yote ile nilidhani anaringa tu. Mawe, mama yangu! Kumbe ni watamu hivi!"

Machozi yalimlengalenga. Nikaona aibu kwa niaba ya wanaume wote wa kwetu, kuanzia baba yangu mzazi.

Alipomaliza akasimama, akakung'uta makombo.

"Kesho nitasema na kaka yangu. Mtoto wetu utampata, umuoe. Lakini siku nikisikia amekukaangia senene na yeye hakula, nitakuja kumchukua mwenyewe."