Ndume Aliyeruka Ua wa Shosho

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupokea maziwa ya kikundi cha wakulima huko Dundori, na kuandika ng'ombe gani amezaa nani. Nilimaliza kidato cha nne kwa kusukumwa tu. Lakini daktari wetu wa mifugo, dada mcheshi aliyezunguka kwa pikipiki na mtungi wa mbegu za ndume, alinifundisha kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natabasamu.

Alikuwa ametengeneza programu kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi. Ndani yake mlikuwa na mambo tunayoyajua, na sheria tatu. Mambo yalikuwa hivi: huyu amemzaa yule. Sheria: aliyekuzaa ni mhenga wako, aliyemzaa mhenga wako pia ni mhenga wako, wenye mhenga wa pamoja wasipandishwe.

"Sasa nianze na ng'ombe gani?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Yeyote. Wewe sema ukweli tu, hata ukianzia nyuma. Kutafuta ni kazi yake."

Na kweli. Programu ilichukua tuliyoiambia, ikapata mapya, ikarudi na hayo mapya ikapata mengine, mpaka ikazunguka mara moja bila kupata kitu kipya. Hapo ikatulia. Mimi niliyezoea kuchora mishale kwenye daftari hadi napotea, nilibaki mdomo wazi. Mashine yenye adabu!

Asubuhi moja akaja shosho, bibi mzee mmoja kati ya wanachama wetu. Mtamba wake wa pekee alikuwa kwenye joto, na alitaka kumpeleka kwa ndume mpya wa jirani kabla ya jioni. Mwaka uliotangulia, mkulima mmoja pale juu alikuwa amepandisha ndugu kwa ndugu, na ndama akazaliwa hawezi kusimama. Shosho hakutaka yamkute.

Nikauliza kompyuta. Haikuona mhenga wa pamoja.

"Shosho, mambo ni sawa! Peleka."

Shosho hakuondoka. Alizungusha kifuniko cha mtungi wake wa maziwa, akakizungusha tena.

"Haijasema hawana undugu," daktari akasema pole pole. "Imesema kwa yale tuliyoiambia, haujaonekana. Kuna kitu hatujaiambia, mathe?"

Shosho akaketi.

"Mama ya huyu mtamba... mliandika ni wa mbegu ya daktari. Ile mbegu haikushika. Ndume mzee wa huyo jirani aliruka ua wangu, ndiye baba yake."

"Na kwa nini hukusema?" daktari akamuuliza.

"Ningesemaje? Si ni mimi nilisimama kwa mkutano nikasema hiyo ndume ihasiwe, haina tabia!"

Tulicheka hadi yeye mwenyewe akacheka, huku anajipangusa macho kwa leso.

Nikafuta ule uongo mmoja, nikaandika ukweli mmoja mahali pake. Sheria sikuzigusa. Mistari mipya ikashuka: ndume mzee ni mhenga wa mama, ni mhenga wa mtamba, ni mhenga wa ndama wawili ambao hata sikuwa nimewafikiria. Na ndume mpya ni mtoto wake. Wasipandishwe.

Nilitamani kuikumbatia ile kompyuta. Neno moja la shosho, na ukoo mzima ukajipanga wenyewe.

"Itamwambia jirani?" shosho akauliza.

"Haisemi usipoiuliza," nikamjibu.

"Na yeye akiiuliza?"

"Itasema, shosho. Haijui kuficha."

Akainuka. "Basi acha nimwambie mimi kwanza."

Daktari alimhudumia mtamba mchana ule kwa mbegu ya ukoo mwingine kabisa. Mimi nilimsindikiza shosho hadi kwenye lango la jirani, maana aliomba asiende peke yake. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mathe," akasema, "ile ndama ilizaliwa na uso wa ndume yangu. Miaka yote hii nangoja tu uniambie. Ingia, chai iko."