Walilala Tumbo Moja

Wiki iliyopita, kwenye kliniki moja karibu na soko la Warwick, niliombwa kumtafsiria mama Mkongomani. Alikuja na mapacha wake wa miaka minne: binti anayeongea bila kupumzika, na kaka yake ambaye hajawahi kusema neno.

“Mama mkwe anasema ni mimi nilimuharibu, juu nilibeba mizigo sokoni na mimba,” alisema. “Lakini walilala tumbo moja.”

Daktari alijibu polepole. “Hata tumboni, ubongo wa mvulana hukua tofauti kidogo, na shida hii ya kuchelewa kuongea huwapata wavulana zaidi. Kwa nini, bado hatujui vizuri. Mizigo haihusiki.”

Mama akaniomba nirudie maneno mawili ya mwisho. Kisha akataka niyaandike kwa Kifaransa, mama mkwe ayasome mwenyewe, na daktari agonge mhuri. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Miaka yote ya safu hii gazetini, sijaandika kitu kilichosubiriwa hivyo.