Jiwe la Katikati

Kijijini kwetu, huku juu vilimani Ath Yenni, mtu akizidisha wema watu hawaishii kumshukuru, wanaanza kumchunguza. Ndivyo alivyochunguzwa Belaid sonara. Asubuhi unamkuta na kapu la tini, anampelekea Nna Wardia, yaani Bibi Wardia, mjane anayeishi peke yake nyuma ya msikiti. Jioni yuko juu ya paa la Nna Wardia huyo huyo, anapanga vigae. Zeituni za bibi alizichuma yeye kabla hajagusa zake, na zake zikaliwa na ndege.

"Huyo ataingia peponi na viatu vyake," walisema wazee wa mkahawani.

Mkewe, Tassadit, aliliona jambo kivingine. "Ukimwoa, harusini nitakuja," alimwambia, "ila zawadi sileti."

Belaid akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. Angemwambia nini? Kwamba kila akipigilia kigae kimoja anajipigilia mwenyewe?

Mambo yalianza mwaka jana, maonyesho ya mapambo ya fedha yalipokaribia. Nna Wardia alimletea bizimu lake, pambo la pini la kubania nguo kifuani, alitengeneze. Bizimu la mviringo, kubwa kama kisahani cha kahawa, fedha tupu, limejazwa kioo cha bluu na kijani na manjano ndani ya vijumba vya waya, na marijani ndogo zimelizunguka pembeni. Katikati lilikaa jiwe moja kubwa la marijani, jekundu, limelainika kwa kushikwashikwa. Bizimu hilo alibandikwa kwenye paji la uso siku alipomzaa Meziane, maana kwetu aliyezaa mtoto wa kiume hulivaa usoni ili hata kipofu ajue. Meziane alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Ufaransa kufanya kazi, akarudi ndani ya sanduku. Bibi akabaki na bizimu, na mjukuu mmoja wa kike, Thiziri.

Kioo cha bluu kilikuwa kimepasuka kidogo tu. Kazi yenyewe ndogo. Lakini kioo hutengenezwa kwa moto, na marijani na moto havilali chumba kimoja. Unalainisha nta inayozishika, unatoa marijani zote, unaziweka kando kwenye bakuli, ndipo unawasha. Sonara wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Belaid alizitoa zile ndogo. Lile la katikati likagoma. Naye haraka ilikuwa imemshika, meza yake ya maonyesho haikuwa na pete za kutosha wala hereni. Akalifunika kwa tambara bichi, akajiambia, kidogo tu, pembeni tu.

Tambara likakauka. Harufu ya mfupa unaoungua ikampanda puani, na alipofunua, jiwe lilikuwa jeupe kama chaki ya shule.

Alikusudia kwenda kusema, msimwonee. Alivaa hata koti. Lakini mezani palikuwa na pakiti ya shanga za plastiki, zile anazotilia hereni za wageni wanaokuja na mabasi na kutaka chochote chekundu. Macho yakaenda kwenye pakiti, koti likarudi msumarini. Akachagua shanga kubwa kuliko zote, akaichonga, akaisugua kwa mafuta na masizi mpaka ikazeeka, akaikalisha katikati.

Nna Wardia alipokuja, alilibusu bizimu pale pale kwenye plastiki. Kisha akamwombea Belaid dua ndefu, ya mikono yake, ya macho yake, ya watoto wake mpaka wa wale ambao hawajazaliwa. Belaid akaitikia amina. Amina hiyo ndiyo iliyomkwama kooni mwaka mzima.

Jiwe lililoungua hakuthubutu kulitupa. Alilitia kwenye kikopo cha ugoro, kikopo akakitia mfukoni, na tangu hapo kila akiinama kinamchoma paja. Ndipo zikaanza zile tini, na vigae, na zeituni. Na bibi, kila akitendewa, anatoka na fimbo yake kwenda kumsifu nyumba kwa nyumba, na sifa zinamrudia Belaid moja moja, kama mtu anayerushiwa mawe na watu wanaotabasamu.

Basi mwaka huu maonyesho yakafika tena. Skuli ya kijiji ilifungwa, madawati yakafunikwa vitambaa, kila sonara na meza yake. Nna Wardia akaja mapema akiwa amevaa bizimu kifuani, akavuta kiti, akaketi kwenye meza ya Belaid kama mwenye duka.

"Njooni huku!" aliwaita wapita njia. "Hao wengine wanauza makopo. Oneni bizimu langu, lilipasuka, mnaona ufa? Hamwoni! Mkono wa Belaid huo."

"Nna, pumzika kidogo," Belaid alimwambia. "Nenda kivulini ukanywe maji."

"Nikanywe maji nani akuuzie? Wewe mdomo huna."

Hamou, sonara wa meza ya jirani, akainua kichwa. "Nna Wardia, na mimi nisifu kidogo, nina watoto."

"Wewe pete yako iliniwasha kidole."

Watu wakacheka. Belaid alikuwa ameacha kucheka, kwa sababu kwenye korido alikuwa amemwona Nna Jouher anakuja.

Nna Jouher alikuwa mama mkwe mtarajiwa wa Thiziri, mwanamke wa kijiji cha pili, mpana, mwenye sauti. Bizimu lilikuwa liende na bi harusi nyumbani kwake. Na Nna Jouher alikuwa na mtindo wake unaojulikana na masonara wote: marijani haiamini kwa macho. Anaichukua, anaibana kwa midomo, anatulia. Ya kweli hukaa baridi. Plastiki hupata joto upesi, naye huirudisha mezani kwa vidole viwili kama nzi aliyetolewa kwenye maziwa, na kutangaza. Asubuhi hiyo alikuwa ameshawatangaza wawili.

Belaid akaona yote kabla hayajatokea. Mdomo, joto, tangazo. Na bibi wa watu, mbele ya wakwe na mbele ya kijiji, ataonekana amemfungia mjukuu wake uongo kwenye nguo za harusi. Kikopo mfukoni kikawa kizito kama fuawe.

Mabibi wawili wakakumbatiana, wakabusiana vichwa, wakaulizana habari za magoti. Kisha Nna Jouher akanyoosha mkono. "Hebu nilione hilo bizimu."

Nna Wardia akalifungua, akampa. Nna Jouher akaligeuza, akalisogeza karibu na uso.

"Usiliweke mdomoni!" Belaid akapaza sauti, na sauti yenyewe ikamtoka kama ya kuku. "Jiwe la katikati ni plastiki. Nililitia mimi. Bibi hajui lolote. Lake nililiunguza mimi, kwa haraka zangu, nikanyamaza."

Hata mtu aliyekuwa anatafuna mkate aliacha kutafuna.

Nna Jouher akamtazama Belaid, akalitazama bizimu. "Mdomoni?" akasema. "Mimi nilikuwa naangalia pini. Yangu imevunjika."

"Belaid, ndugu yangu," Hamou akamnong'oneza, "nta ungeitia kwenye huo mdomo wako."

Lakini Belaid alikuwa anamwangalia Nna Wardia tu. Bibi alikuwa ameweka mikono juu ya fimbo.

"Mwaka mzima nabusu plastiki," akasema.

"Ndiyo, Nna."

"Kila nikiamka namsalimia Meziane pale. Namsalimia kwenye plastiki."

Mkono wa Belaid ukaenda mfukoni.

"Langu liko wapi?"

Akatoa kikopo. Bibi akakifungua, akalimimina jiwe kiganjani. Jeupe, limepungua, lina ufa. Akalipuliza vumbi la ugoro.

"Lirudishe mahali pake. Hapa hapa, nikuone."

"Nna, litamomonyoka. Nitakutafutia jingine la kweli, hata nikiuza vyombo vyangu vya kazi, nitakutafutia jingine."

"Jingine?" Nna Wardia akasema. "Kwani mimi nilizaa mwingine?"

Belaid akawasha taa ndogo, akalainisha nta mbele ya watu wote. Akaitoa shanga, akalikalisha jiwe jeupe. Bibi akalivaa. Nna Jouher akalirekebisha kifuani pake, akawageukia waliosimama. "Litakuja kwangu na bi harusi hivyo hivyo. Mwenye swali aje aniulize mimi."

Nna Wardia akasimama kwa shida. "Nimekusifu nyumba zote za kijiji hiki," alimwambia Belaid. "Sasa itabidi nipite tena nyumba zile zile kukanusha, na magoti haya. Na kesho uje, paa linavuja."

"Lakini Nna, si nililitengeneza?"

"Ulilitengeneza ukiwa mwongo. Limeanza kuvuja."

Kesho yake alikuwa juu ya paa, anang'oa vigae alivyovipanga mwenyewe. Wazee wa mkahawani walimwona. "Dda Belaid!" mmoja akampigia kelele, kwa heshima ya kejeli. "Leo umeunguza nini?" Belaid akang'oa kigae kingine.

Mchana bibi alimtolea kahawa. Zamani alikuwa anamtilia sukari mpaka kijiko kinasimama. Ya leo ilikuwa chungu, haina hata punje. Bibi akasimama pale pale chini ya ngazi, jiwe jeupe kifuani, anamtazama. Belaid akainywa yote, pamoja na machicha, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili.