Sentensi ya Ukurasa wa Kwanza

Mhariri amezoea kumsikia kabla ya kumwona. Mwandishi wake wa habari za afya huandika akinong'ona, kalamu kaichomeka kwenye nywele, na kila habari ikiisha humpigia simu mgonjwa aliyemhoji, akamsomea maneno yake yote taratibu, kama anayemsomea mama yake barua.

Jana ukurasa wa kwanza ulikuwa unamngoja yeye tu. "'Namwogopa mume wangu kuliko huu ugonjwa,'" akasoma simuni, na mhariri, aliyekwisha kuifanya sentensi hiyo kichwa cha habari, akatabasamu. Mwandishi akasikiliza. "Niitoe? Sawa, dada yangu. Nimeshaifuta."

"Umenimaliza!" mhariri akafoka. "Si kasema mwenyewe?"

"Kasema, bosi. Ila mimi jioni narudi kwangu. Yeye anarudi kwa huyo mume."

Kisha akaendelea kumsomea mgonjwa. Mhariri akasonya, akavuta kiti, akaanza kutunga kichwa kingine. Mara wachapaji wakapiga simu: mitambo imesimama, kulikoni?

"Subirini," akawajibu, kifua mbele. "Mwandishi *wangu* bado anaongea na mgonjwa."